Kamera Ilisema Nina Furaha

Baba alifariki likizo ya Juni, nikiwa kidato cha tatu. Alianguka kutoka juu ya fuso iliyopakia magunia ya alizeti. Msibani sikulia, na shangazi zangu wakanisifu: "Huyu amejikaza kama mtu mzima." Nikarudi bwenini karibu na Kiomboi na sifa hiyo, na wiki hiyohiyo nikaanza kukojoa kitandani.

Nililala kitanda cha juu. Asubuhi moja mwenzangu wa chini aliamka kanga yake imeloa. Alitazama godoro langu, kisha akawaambia wenzetu, "Paa linavuja." Ilikuwa Julai, na kwetu Julai halidondoki hata tone. Wakacheka. Tangu hapo nikawa sinywi maji jioni, na kutwa nzima nilitabasamu. Niliamini mtu anayetabasamu hanuswi.

Ndipo wakaja watafiti wawili kutoka chuoni, mwanamume mmoja na mama wa makamo, kuwatafuta wanafunzi wenye msongo wa mawazo. Mwanamume aliniwekea kishikwambi mbele. Huku kamera yake ikinisoma uso, kilinionyesha picha: watoto wanacheza, harusi, ng'ombe waliokufa kwa ukame. Nilitabasamu mwanzo mpaka mwisho.

"Huyu hana shida," akasema. "Inasema ana furaha."

Yule mama alikuwa akituhoji ndani ya maabara, mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona kwenye kishikwambi umetabasamu hata kwa ng'ombe waliokufa. Kwenu hamfugi?"

"Tunafuga."

"Nani anachunga?"

"Baba," nikasema. Mdomo bado ulikuwa unatabasamu, machozi yanashuka.

Akahamia Kinyiramba, akaniuliza kama nalala vizuri. Kwa Kiswahili jibu nilikuwa nalo tayari. Kwa lugha ya nyumbani sikuwa nimejiandalia uongo. Nikamwambia yote nikitazama viatu vyake, na lile neno la kukojoa nikalitamka kama mtoto mdogo anayemwita mama yake. Nilitamani sakafu inimeze.

"Usimwambie mama yangu," nikamsihi.

"Hilo siwezi kukuahidi. Atajua yeye na matroni, basi."

Mama alikuja Jumamosi. Tulikaa nyuma ya stoo ya shule, nikashindwa kumtazama.

"Mimi sijalala chumbani kwetu tangu tumzike," akasema. "Nalala jikoni na kuku. Naona aibu hata kuwaambia shangazi zako."

Nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Mama akanifunika kichwa kwa kitenge chake ili wanafunzi waliokuwa wakipita wasinione.

Baada ya hapo matroni alinipeleka hospitali mara kwa mara, nikazungumza na muuguzi. Tatizo lilipungua polepole, likaisha kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo, mpaka namaliza kidato cha nne, shuka zangu nilizianika peke yangu, mbali na kamba ya wenzangu, ingawa zilikuwa safi.