Chausiku Ndani ya Bafta

Nawaambieni mwenyewe kwa sababu mtayasikia tu kwa wengine, na wengine wanatia chumvi, bora mnicheke mkiwa na habari kamili. Mimi ndiye yule kijana wa Kariakoo ambaye watu wakimwona na kifurushi wanavuka barabara. Ndiyo, ni mimi, Yusufu, na aibu yenyewe mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

Mbwa wangu anaitwa Chausiku, kwa kuwa alikuja usiku wa mvua akajilaza chini ya dirisha langu, na mimi (nilikuwa nimemaliza sekondari juzijuzi, nauza vitambaa dukani kwa Bwana Mohanlal, sina mke, sina hata kuku) nikampa makombo, basi, akawa wangu. Tatizo lilikuwa mwenye nyumba, Mzee Mwinyihaji. Mzee ni mtu wa swala tano, kanzu zake zinang'aa, na mnajua mate ya mbwa kwetu yalivyo, yakikugusa unajiosha mara saba na mojawapo kwa udongo. Alinikubalia kwa sharti moja, tena alilisema huku kaninyooshea bakora:

"Akae banda la kuni, huko nyuma. Siku atakayomgusa mtu wa nyumba hii, wewe na yeye mtatafuta pa kulala."

Basi Chausiku ukamtokea uvimbe. Ulianza ubavuni kama punje ya hindi, nikadhani kupe, mara ukawa kama limau, ngozi nyekundu, anaulamba kutwa na kula hataki. Nikampeleka kule mjini kwa daktari wa mifugo, Mzungu mmoja mrefu, akaubonyezabonyeza, akakunja uso, akaniambia ni uvimbe mbaya wa ngozi, ukiachwa utaingia ndani na mbwa atakufa, ukikatwa upesi huenda akapona. Nimlete Ijumaa asubuhi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtazama Chausiku, yeye ananusa mitaro, hana habari.

Nikaenda kwa Bwana Mohanlal kuomba ruhusa. Ningesema mbwa angenicheka, kwa hiyo nikasema, "Nina mgonjwa wangu anapasuliwa."

"Mgonjwa gani? Ndugu yako?"

"Wa nyumbani kwangu."

Akashika kifua, akanipa ruhusa, akanikatia na kipande cha bafta nyeupe, mpya kabisa, nimfunikie mgonjwa.

Upasuaji ukaenda vizuri. (Niliomba niangalie, maana shuleni nilipasua chura nikasifiwa, kisu kilipogusa tu nikajikuta nimekaa chini nje, msaidizi wa daktari ananipepea kwa kofia.) Uvimbe ukatoka wote, Chausiku akashonwa ubavu mzima, kalala hajijui.

"Bado kalewa sindano," msaidizi akaniambia. "Msubiri azinduke, jioni hivi, ndiyo umchukue. Na nyuzi hizo zisivutwe. Zikifumuka tutaanza upya, na sidhani kama atastahimili."

Jioni! Mimi kusubiri sikujaliwa. Halafu nikapiga hesabu: sasa hivi Mzee yuko msikitini, nyumba tupu, namwingiza Chausiku kwenye banda lake hakuna anayejua, nikingoja jioni, wote wamekaa barazani, nitampitisha wapi? Msaidizi alipoingia ndani kunawa, nikamchukua mgonjwa wangu.

Nikamfunga kwa ile bafta kuanzia pua mpaka mkia, maana mwalimu wetu wa afya alitufundisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa cheupe safi. Na kwa ajili ya inzi nikamnyunyizia karafuu maiti ya unga niliyokuwa nimeinunua. Nikambeba mikononi, natembea polepole, kichwa chini nisijikwae, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sasa nyinyi wenye akili zenu niambieni, kijana namna hiyo, Ijumaa mchana, mikononi ana kitu kirefu kama mtoto ndani ya bafta mpya, kinanukia karafuu maiti, ni nini hicho? Mimi sikuona. Nimesoma mpaka sekondari, sikuona!

Nafika Mnazi Mmoja, watu ndio wanatoka kuswali. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Innalillahi," (nikadhani kajikwaa), akanyoosha mikono.

"Lete, mwanangu, pumzika."

Mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikampa. Na ahsante nikamwambia! Hatua chache akampokea mwingine, kisha mwingine, nikasema moyoni kumbe watu wa mji huu wana huruma, mbona tunawasema vibaya? Mpaka wakaanza kalima, wote pamoja, kwa sauti ya chini, ndipo damu ikanikauka. Kugeuka nyuma, safu ya kanzu nyeupe sioni mwisho wake, wapagazi wameacha mikokoteni yao, muuza kahawa kaweka dele chini naye anafuata. Desturi yetu mnaijua, maiti akipita, humjui, hakujui, unambeba hatua kadhaa upate thawabu.

"Marehemu jina lake?" mmoja akaniuliza.

"Chausiku," likanitoka.

"Maskini, Chausiku! Mwanao?"

"Nimemlea tu."

"Kashaoshwa?"

"Kaoshwa na daktari." (Kidonda! Nilikuwa nasema kidonda!)

"Basi, tusimcheleweshe. Makaburini moja kwa moja."

Nikisema ni mbwa, hawa wametoka kuswali na wamemkumbatia kifuani, hawataniachia jino. Nikinyamaza, wanamzika mzima. Nikajaribu katikati.

"Jamani, hajafa huyu!"

"Hata mimi nilisema hivyohivyo kwa mwanangu," akanijibu mtu mzima mmoja, machozi yanamlenga. "Subira, baba."

"Basi mshikeni taratibu! Nyuzi! Nyuzi zitafumuka!"

"Akili imemruka. Mshikeni."

Wakanishika huku na huku. Tunapita mbele ya duka letu, Bwana Mohanlal kafunga nusu ya mlango kwa heshima ya msiba, kuniona tu katoka mbio miguu mitupu.

"Yusufu! Yule mgonjwa wako? Jamani, aliniambia, alikuwa anapasuliwa!"

Basi, hapo hata mimi ningeamini.

Mbele wameshakata kona ya kuelekea makaburini, mara nasikia sauti ninayoijua kuliko ya baba yangu.

"Mpangaji wangu kafiwa mimi sina habari? Nipisheni! Huyu ni wa nyumbani kwangu, nipeni nimbebe."

Mzee Mwinyihaji. Akampokea, akamkumbatia, ndevu zake zimelala juu ya bafta. Akaenda hatua mbili tatu, akasimama.

"Yusufu," akanong'ona, "mbona wa moto?"

"Ana nyuzi, Mzee, taratibu," nikamwambia. Bafta ikafunguka upande wa nyuma, mkia ukatoka, ukaanza kumgonga kiwiko polepole kama mgeni anayebisha hodi. Kisha mbele ukatoka ulimi, ukamlamba Mzee kuanzia kidevuni mpaka sikioni.

"Kafufuka!" mtu akapiga kelele.

"Ana mkia!" mwingine akajibu.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile. Viatu vilibaki, kofia zilibaki, meza ya machungwa ikapinduka, yule aliyenishika mkono wa kulia nilimwona juu ya mkokoteni. Katikati ya barabara tukabaki mimi, Bwana Mohanlal, na Mzee, mate yanamchuruzika ndevuni.

"Mtupe, Mzee! Mtupe!" wakamwita kwa mbali.

"Nimtupe vipi?" Mzee akafoka. "Hamkusikia mtu kasema ana nyuzi?"

Na Chausiku anaendelea kumlamba, kwa raha, macho kayafumba. Bwana Mohanlal akatazama, akauliza taratibu, "Mzee, mbona kama anakujua?"

Mzee akageuza uso.

"Vichwa vya samaki," akasema. "Kila alfajiri vinabaki. Nivitupe wapi?"

Alimbeba mwenyewe mpaka banda la kuni, kwa kuwa alishachafuka, alisema, hakuna haja tuchafuke wawili. Nyuzi hazikufumuka hata mmoja. Habari ya kuhama hakuitaja, ila alinihukumu: kanzu zote zilizombeba Chausiku nizifue mimi, mara saba, moja kwa udongo. Zikaletwa, na nadhani zililetwa na zisizombeba. Nilichota maji mpaka viganja vikachubuka, mgonjwa amelala ananitazama, na kando yake kichwa cha samaki, tena mchana kweupe, hakuna tena kujificha.

Uvimbe haujarudi, daktari kamshika ubavu wote hakukuta kitu (mimi alinishika sikio). Nami nimeapa: nikiambiwa nisubiri jioni, nitasubiri jioni, na kitu cheupe sibebi tena, hata mkate naushika wazi mtu auone. Mtaani wananiita Baba Chausiku, nimezoea. Ila yule mzee wa kwanza wa Mnazi Mmoja nadhani alirudi kwake kabla ya mambo kuharibika, maana kila tukikutana ananishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, "Pole, mwanangu, Mungu atakupa mwingine," nami naitikia amina na kuongeza mwendo, kwa sababu nikianza kumweleza, nitamfulia na yeye kanzu.