Namba Ishirini na Saba

Kule Gesima, mkulima hakuuza avokado kwa kampuni ya ng'ambo kabla ya kupita mikononi mwa Persis. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na miwili, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alianzia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, karani wa mizani, na huko ndiko alikojifunza kutotikisika mbele ya mtu anayemwambia, "Ongeza kidogo tu." Wakulima thelathini na wanane walipounda kikundi cha avokado, daftari la dawa walimpa yeye. Aliandika nani amenyunyizia dawa gani na siku gani, na hakuruhusu tunda kuchumwa kabla siku kumi na nne hazijapita. Kila mkulima alikuwa na namba yake, na namba ilibandikwa kwenye kila kreti, ili tunda likionekana na kasoro, hata likiwa Ulaya, ijulikane limetoka shamba la nani.

Hakuwa na mchezo. Msimu mmoja jirani yake Nyangau alileta kreti sita kwa mkokoteni, zikiwa zimebakiza siku nne.

"Siku nne tu, Persis. Nani atajua?"

"Atakula mtoto wa mtu, baba. Rudisha."

Nyangau akaugeuza mkokoteni watu wakimtazama. Tangu hapo wengi walimwita Persis mwalimu, na yeye, ukweli usemwe, jina hilo lilimkaa vizuri.

Mwaka jana, mwezi wa tano, wadudu waliingia kwenye miti yake wakaanza kuchora maganda ya matunda. Siku ya Jumanne akapiga dawa. Lori lilitarajiwa baada ya wiki tatu, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Lakini Ijumaa kampuni ikapiga simu: lori linakuja Jumapili hii, na baada ya hapo halijulikani litarudi lini. Persis aliitazama miti yake imelemewa. Yeye ndiye mkaguzi. Angesimama vipi pale kituo cha kikundi akipokea mizigo ya watu huku yake ikioza shambani? Akaketi, akafungua daftari, akaandika kwamba alinyunyizia mwezi uliopita. Mvua imenyesha mara mbili, alijiambia, dawa imeoshwa. Tena ni kreti tano tu.

Jumapili wakati wa kupakia, mvua ilimwagika. Vibandiko vililowa, vingine vikang'oka, na Persis akaandika vipya kwa haraka, maji yakimtiririka usoni. Lori lilipokwisha kushika njia ya Keroka ndipo alipopitia orodha. Nyaboke, mjane aliyeleta kreti saba, alionekana ameleta kumi na mbili. Yeye mwenyewe hakuonekana ameleta hata moja. Kreti zake tano zilikuwa zimeondoka na namba ishirini na saba, namba ya Nyaboke.

Alikuwa na simu mkononi. Hakupiga. Na mahali fulani moyoni, mahali ambapo hakupenda kupaangalia, alihisi nafuu.

Wiki ya saba tangu lori liondoke, barua ikafika. Matunda yalipimwa bandarini Ulaya yakakutwa na dawa kupita kiasi. Shehena nzima imeharibiwa. Kreti zilizopimwa zilikuwa za namba ishirini na saba. Kikundi kilisimamishwa mpaka kieleze kilichotokea.

Nyaboke alikuwa na miaka sitini na saba, na miti minane. Pampu ya dawa hakuwa nayo hata ya kuazima. Alimfuata Persis nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo haya. Labda upepo uliileta dawa kutoka kwa mahindi ya jirani? Ama ni ile sabuni niliyooshea kreti?"

"Labda, Mama," Persis akasema.

Mkutano uliitwa. Nyaboke alisimama mbele ya watu anaosali nao kila Sabato, akafungua na kufunga fundo la leso yake, kisha akaomba msamaha. Alisema hajui alikosea wapi, lakini kama ni mikono yake iliyowafungia watu soko, basi wamsamehe. Persis, aliyekuwa pia katibu, aliinama akaandika: Mkulima namba ishirini na saba amekiri. Hakuinua uso hadi watu walipotawanyika.

Siku ya tatu baada ya mkutano, akichuma chai, alisikia msumeno wa injini ukinguruma upande wa pili wa bonde. Mama mmoja kwenye mstari wa pili akasema, "Ni kwa Nyaboke. Anakata avokado zake. Anasema hataki kuaibisha watu tena."

Persis aliacha kikapu palepale akakimbia. Alipofika, miti mitatu ilikuwa chini na matunda mabichi yametapakaa kwenye nyasi. Alimpungia fundi wa msumeno mkono azime, akasema yote akiwa anahema: Jumanne, daftari, mvua, kreti.

Nyaboke alimgeukia.

"Siku ile ya mkutano," aliuliza, "ulikuwa ukiandika nini?"

"Maneno yako, Mama."

"Maneno yangu." Akaokota kanga yake, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Persis alirudia maneno yaleyale mbele ya kikundi, na mbele ya Lorna, afisa wa kampuni aliyetoka Kisii mjini. Alidhani akisema kweli mzigo utakuwa wake peke yake. Lorna alilifunga daftari.

"Mkulima akikosea, tunamwondoa mkulima," alisema. "Lakini daftari likidanganya, hatuwezi kuamini ukurasa wowote. Kikundi kizima kinaanza upya. Msimu huu hamtauza."

Nyangau peke yake ndiye aliyezungumza. "Zangu ulizirudisha kwa siku nne," alisema. "Siku nne, mwalimu." Persis akasikia uso wake ukiwaka, na hakuwa na pa kuuweka.

Msimu uliofuata walikaguliwa upya wakakubaliwa. Daftari liko kwa Linda, msichana aliyesomea kilimo. Nyaboke amerudishiwa jina lake jema, na visiki vyake vitatu vimeanza kuchipua. Persis hupeleka kreti zake mapema, husimama foleni kama wengine, na akiulizwa tarehe hujibu kwa sauti ya chini ingawa sasa ni ya kweli. Siku ya Sabato Nyaboke humpa mkono mlangoni, kama anavyompa kila mtu, na kumwambia, "Bwakire." Persis huitikia salamu hiyo akitazama viatu vya mama yule.