Sufuria Tatu na Muchanga wa Mireille

Bandugu, mimi kambo wa Mireille, ninaungama mwenyewe. Mujukulu wangu anasoma chimie, ile kemia. Anasaga majiwe meusi yenye kiwanda cha shaba kilitupa mpaka yanakuwa muchanga, anaupaka unga mweupe. Ukiutia mu maji machafu na kuyaanika ku jua, maji yanakuwa safi. Nilijivuna mu quartier, mu mutaa muzima.

Siku profesa wake alikuja kupima kazi yake, nilikuta sinia ya ule muchanga inje. Nikawaza: kama unasafisha maji, sufuria zitaushinda? Nikasugua zote tatu, nikaumwanga wote mu kanivo, mufereji wa maji machafu wa mbele ya nyumba.

"Kambo, muchanga wangu wa miezi mitatu iko wapi?" Mireille akauliza mbele ya profesa.

Nikainua sufuria. "Angalia, Profesa! Dawa ya mutoto inafanya kazi!"

Profesa akaona uso wake ndani ya sufuria, kama mu kioo. Mireille alikuwa amekwisha kupiga magoti ku kanivo, na kijiko, anachota muchanga wake.