Sister Achai na Mgonjwa Asiyekula

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nasema uongo. 2021 nilikuwa bado naishi mtaa wa Lemon Gaba na miguu yangu yote miwili ilikuwa mizima. Basi ni 2022, mwaka nilioanguka kutoka paa la kanisa nikipiga mabati, nikalazwa wiki saba. Mimi ni Mganda, fundi wa mtaa wa Hai Mauna, na huko hospitalini ndiko nilikomjua Sister Achai, muuguzi wa wodi yetu.

Binti huyu ni Mdinka, lakini alikulia Nakuru na Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa. Kudunga sindano anajua, ila mimi sikumbuki sindano. Nakumbuka alivyosugua viganja vyake vipate joto kabla ya kukugusa mgongo. Na mgonjwa asiye na ndugu, Achai alimtambua siku ile ile, maana pale hospitali haipiki. Anayekulisha ni jamaa yako. Kama huna, utatazama dari.

Kitanda cha jirani na changu alilala Ngor, kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori. Hakuwa na mtu. Achai akawa anamletea chapati na chai, naye akala vizuri tu. Halafu Achai akasikia kwamba Mama Akuac, aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha mkabala, ndiye mama wa msichana aliyechumbiwa na Ngor. Achai akafurahi.

"Kumbe uko na mama hapa hapa!"

Akamwomba yule mama ampikie.

Mama akapika. Asida, ule ugali laini wa huku, na bamia, asubuhi na jioni. Aliweka bakuli bila kumtazama, akarudi kuketi kwa mwanawe. Usiku alilala hapo hapo kwenye mkeka. Na Ngor akaacha kula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Nimeshiba, sister." Hata chapati nilimwona akizificha chini ya mto. Kidonda cha paja kikakataa kufunga, macho yakaingia ndani, na daktari akasema kesho kutwa atapitishiwa mpira wa chakula puani.

Achai akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kaka, nimekukosea wapi? Si uniambie."

Ngor akageukia ukuta.

Mzee Arkangelo, anayepiga deki, akaegemea fagio, akacheka mpaka akakohoa. "Ya binti, wewe Mdinka wa Nakuru! Nani alikufundisha kumlisha mtu mbele ya mama mkwe? Huyu atakufa kwanza. Mkwe haoni mdomo wako ukitafuna, kalas, basi!"

"Na mama mbona alinyamaza?"

"Aseme nini? Sister ni wewe."

Achai akajiziba mdomo. Nilidhani atalia. Akaenda kutoa lawa yake mkobani, ile nguo ambayo wanawake wa hapa hujifunga begani, akafunga ncha moja kwenye stendi ya dripu na nyingine kwenye gongo langu. "Mzee Semei, shika hapo, usitikisike." Kisha akapiga magoti mbele ya Mama Akuac, akamwomba msamaha. Mama akamshika kichwa, akageuka akatazama dirisha.

Nyuma ya nguo kijana alinong'ona, "Atanisikia."

Arkangelo akaanza kugongagonga ndoo yake kama mtu aliyepotewa na akili, na Ngor akala asida yote. Yote, nakwambia.

Tangu hapo kila chakula lawa ilipanda. Mpira haukuja. Wiki ya tano Ngor alitoka akichechemea kidogo, Achai amembebea kifurushi chake.

Siku ile nilimwuliza Mama Akuac, kwa upole, kwa nini hakusema lolote, maana nilikuwa nimezoeana naye. Bakuli lilikuwa likirudi limejaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelirudisha. Akakunja mkeka wake. Achai akanigusa bega, akasema, "Mzee, mwache." Nikamwacha. Lakini nimewauliza wengi baadaye, hata Wadinka wenyewe: kama Arkangelo asingecheka asubuhi ile, nani angesema kwanza, mama au kijana?