Naam Niliyoitika Al Khoudh

Nianze na upumbavu wenyewe, asije mtu akanitangulia kuusimulia: niliitika jina la mtu mwingine mlangoni kwa watu, mchana kweupe, wala sikushikiwa kisu.

Safari haikuwa na kosa. Mama alinituma kutoka kwetu Azaiba, hapa Maskati, nikamrejeshee kitabu shoga yake Bi Thuraya, anayesomesha chuo kikuu na kukaa Al Khoudh na mama yake mzazi. Kitabu chenyewe ni riwaya ya mwandishi wa Slovenia wa siku hizi hizi, imefasiriwa Kiingereza. Slovenia ni nchi changa kuliko mama yangu. Kwenye ramani ya skuli yetu haimo, maana ramani yetu bado ina imani na Yugoslavia.

"Kipeleke, usikisome njiani," Mama alisema. "Wewe huna haja ya kutiwa fikra."

Barabara kuu, ndani ya basi dogo, nilikifungua kabla mlango haujafungwa.

Mtu mmoja anashuka steshini siyo yake, theluji mpaka magotini. Mwenye nyumba ya wageni anamwita kwa jina la mtu mwingine, naye, kwa uchovu tu, anaitika. Kurasa zote zilizobaki anajitafuta: yeye nani, anaishi kwa ajili ya nini, na kwa nini jina la wizi linamkaa vizuri kuliko lake. Nilimwonea wivu. Mimi skuli wananiita Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, na tulipokwenda Unguja watoto wa mtaani wakaniita Mwarabu. Yule bwana angalau kajichagulia.

Jirani yangu kitini, Mkenya aliyekuwa akienda kazini kwenye viwanda vya Rusayl, alichungulia ukurasa. Nikamweleza kisa.

"Sasa hiyo nayo ni hadithi?" akacheka. "Mimi naitwa Wafula. Supavaiza ananiita Ali, kwa sababu aliyekuwa kwa hiyo mashine mbele yangu alikuwa Ali."

"Na unaitika?"

"Siku ya mshahara naitika hata ukiniita Fatuma." Kisha akaacha kucheka. "Lakini usizoee, kijana. Juzi mtu aliniita Wafula dukani, nikampita."

Kwenye mzunguko wa Burji Sahwa niliteremka kubadili gari. Ushauri wake nikauacha kitini.

Al Khoudh, jua la utosi, nikapiga hodi. Akafungua Bibi Zuwena, mama yake Bi Thuraya, ambaye sikuwahi kumwona. Alinitazama, macho yakamjaa maji.

"Nasri? Nasri wa Bujumbura?"

Huyo Nasri, nilikuja kuambiwa baadaye, ni mjukuu wa Hamedi, kaka yake bibi aliyebaki huko bara tangu ujana wao. Alikuwa afike Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne. Mimi nilikuwa na mkoba begani na theluji ya Slovenia kichwani.

"Naam, bibi," nikasema.

Akanikumbatia mpaka kofia ikadondoka. Nilipanga kumwambia baada ya dakika moja, tucheke.

Ndani ya majlisi, chumba cha wageni, aliniwekea tende na halwa, akanimiminia kahawa. "Haya, ulumu?"

Nyinyi wa Unguja mjue: huku mgeni akiulizwa ulumu, yaani khabari, hujibu hapana ila kheri, hata kama ameacha nyumba inaungua. Khabari yenyewe hutoka baada ya kahawa. Na kahawa haishi mpaka mgeni atikise kikombe.

"Hapana ulumu, bibi, ila kheri," nikajibu kwa sauti nzito ya watu wazima. Nilijiona hodari kweli.

Bibi akatua birika.

"Mbona umekuja kabla ya siku yako? Peke yako? Hata sanduku huna?"

Nikatikisa kikombe ili niondoke. Nilisahau kwamba kikombe kikishatikiswa, ndipo mgeni anatakiwa aseme.

"Sema, mwanangu. Nnajua." Alijivuta kanga mpaka kwenye paji la uso. "Hamedi kafa."

"Bibi, mimi si Nasri!"

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun..."

"Wallahi mimi Haitham! Nimeleta—"

"Masikini, mtoto kachanganyikiwa na msiba." Akanivuta kifuani kwake, analia na huku ananibembeleza mimi. Nilirudia jina langu mara ya tatu, ya nne. Kila nikilitaja aliniombea dua nipate akili. Yule bwana wa riwaya alipoteza jina kwa miaka. Mimi langu lilipotea kabla tende haijaisha mdomoni.

Jirani alishasikia kilio na kuja mbio mlangoni, ndipo Bi Thuraya akarudi kutoka chuoni.

"Huyu?" akasema. "Huyu Haitham, mtoto wa shoga yangu Asma!"

Bibi aliacha kulia, lakini hakuamini kitu tena. Akanishika sikio. "Nipigie Bujumbura."

Bi Thuraya akapiga, ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikaita, hakuna mtu. Kila simu ikiita, vidole vya bibi vilizidi kulibana sikio langu. Nilimwomba Mungu ampe uhai mzee nisiyemjua. Nikaahidi na sala ya alfajiri.

Mara ya tatu simu ikapokewa. Nikasikia sauti ya kizee inagomba kuwa ameamshwa usingizini.

"Hamedi?" bibi akasema. "Hamedi, ni wewe?"

Aliuliza mara mbili tatu. Kisha vidole vikalegea. Sikio hakuliachia.

Alipomaliza simu akanigeukia. "Haya. Wewe nani?"

"Haitham bin Salim bin Abdalla."

"Abdalla gani?"

"Wa Wete, bibi."

"Aliyekuwa na duka la saa?" Akanitazama kwa makini, pua, kidevu. "Alah! Naye alikuwa na mizaha ya kipumbavu hivi hivi. Kaa ule."

Nikala wali bila kuinua uso. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi nani: yule wa Slovenia alihitaji riwaya nzima, mimi lilitosha sikio moja. Na nilijua jengine, ambalo halikunichekesha: ukikubali jina la mtu, unakubali na wanaomngojea.

Jioni, Azaiba. Mama alikuwa amesimama ukumbini. Bi Thuraya keshampigia. Alifungua mkoba wangu, akakitoa kitabu, kile kile nilichotumwa kukirejesha.

"Kesho urejee ukakipeleke," akasema. "Na Ijumaa wende uwanja wa ndege ukampokee Nasri. Hapana mtu Maskati nzima anaemjua kama wewe."