Siga Mbili Kabatini

Hotelini walimwita Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake, ambayo ilikuwa ya kawaida tu, ya kuvutia hewa na kushikilia miwani. Walimwita hivyo kwa sababu ya siga.

Alikuwa mtunza stoo. Maisha yake ya kazi yalipita nyuma ya dirisha dogo la wavu, akigawa sabuni na mashuka, akibishana na wapishi waliotaka mafuta ya kupikia ambayo juzi tu walikuwa wamechukua. Lakini hoteli ile ilikuwa na baa, na baa ilikuwa na wageni wa aina ile ambao wakishiba hawalali, wanataka siga: jani la tumbaku lililoviringwa likawa nene kama kidole gumba, bei yake kama ya kiatu cha ngozi. Siga ina madeko. Ikikauka inapasuka, ikilowa inaota ukungu. Inataka kulala ndani ya sanduku la mbao, na kipande cha sponji chenye unyevu pembeni, na isikae karibu na kitu chochote chenye harufu, maana inanyonya harufu ya jirani yake mpaka ndani. Meneja alitafuta mtu wa kuibembeleza, akamwona mtu wa stoo hana haraka, akamkabidhi sanduku.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyomwingia. Siga zilizopasuka ngozi haziuzwi, na meneja hakutaka kuziona, basi Pua alikuwa akizibeba kwenda nazo nyumbani ndani ya kopo la majani ya chai, kopo lililooshwa mpaka likasahau chai. Jumamosi alasiri, kwenye kibaraza cha nyuma, baina ya kamba ya nguo na tangi la maji, alikaa akaionja moja. Moshi wa siga haumezwi. Unakaa mdomoni, unazungushwa taratibu, unaachwa utoke wenyewe, kisha mtu anatulia na kujiuliza amekutana na nini. Pua alikutana na mengi. Alikutana na mbao mbichi, na kahawa iliyoungua kidogo, na vumbi la barabara mvua inapoanza. Siku moja alikutana na ndani ya pochi ya mwalimu wake wa darasa la pili, akaisahau siga mkononi mpaka ikazimika.

Mkewe, mtu wa kusema mambo yalivyo, alisema huyu ni mwanamume wa pekee anayemjua anayekaa kuchoma majani huku yale ya uani hajayafagia.

"Sasa leo umeonja nini?" alikuwa akimuuliza, akianua nguo.

"Kama asali. Asali ya zamani."

"Na nguo zangu zimeonja nini? Maana kesho nazivaa mimi, si wewe."

Mwonjaji wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alifundisha watu kuendesha gari. Alikuwa amekaa kiti cha abiria miaka mingi, na breki ya pili chini ya mguu wake, hadi mguu wa kulia ukawa na akili zake: popote alipoona jambo linakwenda vibaya, hata harusini, ulikandamiza sakafu. Kwenye siga hakuwa na kipaji chochote. Kila siga aliyopewa, awe ameipenda au hakuipenda, alisema ni kama kiatu kipya. Pua alimvumilia. Onjaonja inahitaji mtu wa pembeni, hata kama ni wa kukubali tu.

Mke akafariki. Ilikuwa presha, iliyomchukua baina ya jikoni na mlango, bila nafasi ya kuaga. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, na nyumba ikabaki na mtu mmoja na viti vingi.

Pua alipofungua kabati la mkewe kutafuta shuka alikuta nguo zake zikiwa zimekunjwa vile alivyozikunja marehemu, na chini yake, baina ya sweta na vitambaa vya kichwa, kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na siga mbili, nzima, za ile aina ambayo Pua aliifungia na kuifungulia wageni bila kuigusa kwa ulimi. Kulikuwa na sponji. Mhudumu wa baa, alipoulizwa, alitazama pembeni kisha akasema ukweli: mama alikuja mwenyewe, akaagiza, akafundishwa na namna ya kulowesha sponji. Alisema ni za siku atakayostaafu mzee, moja yake, moja ya mdogo wake. "Akasema tusikwambie, maana utaanza kuzinusa kabla ya siku."

Pua alijua kanuni. Ndiyo kanuni aliyokuwa akiwasomea wahudumu wapya wa baa, akinyoosha kidole: mbali na sabuni, mbali na kahawa, mbali na manukato. Kisanduku kilikuwa kimelala katikati ya nguo za mwanamke aliyejipaka mafuta ya nazi kila asubuhi na kufulia sabuni ya kipande. Angekitoa palepale. Hakukitoa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya stoo alivunja kanuni makusudi, akakirudisha baina ya sweta na vitambaa, akafunga kabati. Zinyonye, alijisemea. Wacha zinyonye.

Kuanzia hapo ilikuwa hivyo. Alifungua kabati mara mojamoja, kwa kubana matumizi, akalowesha sponji, akavuta pumzi ndefu, akafunga upesi asije akaimaliza harufu. Mkewe alikuwemo. Si kwa hadithi za watu wa rambirambi, kwamba hajaondoka, yuko nasi. Alikuwemo kabatini, kwa harufu, na mumewe alikuwa mtu wa kuamini pua yake.

Kisha akapata mafua. Mafua ya kawaida, homa kidogo, wiki moja ya supu aliyoletewa na binti yao. Aliporudi kazini alipita karibu na gunia la kahawa akaona kama amepita karibu na gunia la mchanga. Akalifungua, akaingiza uso. Wapishi walicheka wakidhani anasali. Daktari alimtazama puani kwa tochi na kumwambia harufu inaweza kurudi, na pia inaweza isirudi. Kwa foleni moja akawa amepewa majibu yote yaliyopo duniani.

Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Pua anamwambia nani? Jumamosi zikaendelea. Alizungusha moshi mdomoni, ambao sasa ulikuwa joto tu, kama mvuke wa sufuria tupu, akasema mbao, akasema kahawa, akachanganya maneno ya siku zilizopita kama mtu anayepasha kiporo. Shemeji alisema kiatu kipya. Kuhusu kabati, aliamua kutolifungua ila kwa sponji, haraka, pumzi akiwa ameibana, ili asiitumie bure harufu ambayo haipati. Aiache pale, ingoje pua irudi.

Pua haikurudi. Kustaafu kulikuja.

Hotelini walimpa saa ya ukutani na hotuba iliyomtaja kwa jina la mtu wa bustani. Jumamosi yake, shemeji alifika kibarazani amevaa shati lililopigwa pasi.

"Hongera, shem. Sasa umekuwa mtu wa kukaa."

"Nilikuwa nakaa hata kazini."

"Ndiyo, lakini sasa unakaa bila mshahara."

Pua alileta kisanduku. Akamwomba shemeji akate ncha. Alikuwa amelipanga jambo hili kwa miezi, alfajiri baada ya alfajiri, na mpango wenyewe ulikuwa mdogo kuliko aibu ya kuusema: yeye hataonja kitu, sawa. Lakini shemeji ana pua, hata kama ni ya viatu. Alikulia nyumba moja na yule mwanamke, alibebwa mgongoni mwake. Akivuta, atamkuta. Atasema, bila kuulizwa, shem, hii ina dada ndani. Basi. Hiyo ingetosha. Mtu mwingine angemthibitishia kwamba bado yumo.

Wakawasha. Walikuwa na desturi ya kutosema kitu mpaka theluthi ya kwanza iishe, majivu yasigongwe, yaanguke yenyewe. Pua alivuta joto lake. Pembeni, shemeji alivuta, akazungusha moshi mdomoni kama alivyofundishwa, na mguu wake wa kulia ukakandamiza sakafu.

Pua aliuona.

Shemeji alivuta tena. Macho yakamjaa maji. Hayo ni ya dada yake, Pua alijisemea, amemkuta. Lakini mguu ulikuwa bado chini, umekaza, kana kwamba mwanafunzi anaelekea ukutani.

"Vipi?" alisema, kabla ya theluthi.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, shem. Wewe ndiye bingwa, sema wewe."

"Mimi naisikia sabuni yake," Pua alisema polepole. "Ile ya kipande. Na mafuta ya nazi kwa mbali."

Shemeji aligeuza kichwa, akamtazama.

"Unaisikia? Kabisa?"

"Kabisa. Wewe je?"

"Na mimi." Mguu haukuondoka sakafuni. "Na mimi naisikia."

"Toa mguu kwenye breki halafu uniambie tena."

Shemeji aliutazama mguu wake kama mnyama wa mtu mwingine. Akaiweka siga kwenye sahani kwa heshima, akapangusa macho.

"Shem, tusigombane siku yako."

"Sema."

"Ni kama choo cha stendi," alisema shemeji. "Vile vidonge vyeupe wanavyotupia. Tangu ulipofungua kisanduku. Nikasema labda ndivyo za bei zilivyo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Tangu lini husikii harufu?"

Pua aliinuka akaenda chumbani, na shemeji nyuma yake. Kabati lilipofunguliwa shemeji alirudi nyuma hatua, mkono puani. Pua alisimama mbele ya milango ile miwili akivuta pumzi, ya kwanza tangu mafua ambayo hakuibana, na hakukuwa na kitu, kulikuwa na nguo.

Vilikuwa kila mahali. Ndani ya mikono ya sweta, kwenye mifuko ya koti, vimefungwa vizuri baina ya kitambaa na kitambaa, vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vingine vimeshaliwa na hewa vikabaki kama punje.

"Nani kaweka?"

"Binti yangu. Alikuja kusafisha nyumba, wakati ule nilipotoka kuugua." Alikumbuka alivyomsikia akiimba chumbani. Alikumbuka alivyofurahi kwamba kuna mtu anaimba.

Shemeji alianza kutafuta. Alichukua kitambaa cha kichwa kimoja baada ya kingine, akabonyeza uso ndani, akavuta, akatikisa kichwa, akakiweka kando, kwa uangalifu wa mtu anayepima matunda sokoni. Akafikia sweta. Akafikia kanga ya mwisho kabisa ya chini. Mwishowe palibaki mkoba wa mkononi, wa ngozi, wenye zipu, na Pua alimwona akiushika kwa mikono miwili kabla ya kuufungua. Binti alirithi kutoka kwa baba umakini wa stoo. Ndani ya mkoba mlikuwa na kidonge kimoja, peke yake, kimefungiwa katika karatasi laini.

"Hayumo," alisema shemeji. Akakaa kitandani, mkoba mapajani. "Samahani, shem. Dada hayumo."

Walirudi kibarazani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kurudi. Siga ya shemeji ilikuwa imezimika. Ya Pua ilikuwa inawaka bado, na kwa kuwa ilikuwa yake, na ilinunuliwa kwa ajili yake, na yeye ndiye mtu wa pekee duniani aliyeweza kuivuta bila kuteseka, aliivuta. Shemeji alikaa naye akitazama tangi la maji. Hakusema kiatu.

Simu ililia. Ilikuwa binti.

"Hongera, baba. Umepumzika?"

"Nimepumzika."

"Mjomba amekuja? Mmechoma yale majani yenu?"

"Tunachoma."

"Haya. Baba, nilitaka kukuuliza kila siku nasahau. Nguo za mama, nilizitilia dawa. Hazijaliwa na nondo?"

Pua alitazama majivu, marefu, yamesimama bila kuanguka, kama siga nzuri inavyotakiwa.

"Hazijaliwa, mwanangu," alisema. "Ziko vilevile."

Akaagana naye. Kisha akaenda chumbani, akavirudisha vitambaa kimoja kimoja, akafunga milango ya kabati, akaisukuma kwa bega mpaka ikashika, isipitishe hewa.