Siku ya Tano ni ya Hamamu

Kama hujawahi kumwona mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye miwani yake, akitapika huku bado amebana kipande cha samaki mbichi kwa kalamu mbili za risasi, basi hukuwepo sebuleni kwa Fundi Jumamosi ile. Heri yako. Waliokuwepo mpaka leo wakisikia harufu ya samaki hugeuza shingo.

Walikuwa wanawake wanne, na kilichowakutanisha ni tamthilia za Kikorea. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, walijazana kwenye kochi la Fundi, mshona nguo mwenye nyumba, wakalia machozi ya kweli kwa ajili ya wachumba wasiowajua wala kuifahamu lugha yao. Mbali na Fundi na yule Mwalimu, alikuwepo Msusi, mwenye saluni na mdomo usio na breki. Wa nne alikuwa Povu, na huyo ndiye ninayetaka kukusimulia.

Povu alikuwa mhudumu wa wadi ya wanawake. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa kuogesha wasioweza kuoga wenyewe. Jina hilo wagonjwa ndio waliompa, kwa kuwa hakuwa bahili wa sabuni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi utamsikia anasukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia, juu yake mabeseni mawili, moja la povu na moja la kusuuzia, vitambaa, shuka na kopo la mafuta ya mgando. Anaanzia usoni, anamalizia kule ambako watu hawataji. Akikuta mtu amejichafua, hakunji uso.

“Uchafu una sababu yake,” alizoea kusema. “Binadamu ndiye asiye na sababu.”

Nisikudanganye lakini, hata yeye alikuwa na kitanda chake cha mtihani. Kitanda cha saba kilikuwa na bibi mmoja mwenye kidonda cha mgongoni kilichokataa kupona, chenye harufu ya kukutoa machozi, na mwenye ulimi uliochongwa kuliko sindano za wadi nzima. Bibi huyo, Povu alimwogesha kwa ncha za vidole viwili, haraka haraka, pumzi ameibana, uso ameuelekeza dirishani.

“Mwanangu,” bibi alimwambia siku moja, “unaniosha au unaniokota?”

“Nakuosha, bibi. Tulia.”

“Haya. Mimi nilidhani umekuta kitu jalalani.”

Povu akasonya moyoni, akasukuma kitoroli chake. Vizee vingine bwana, havina shukrani.

Safari ilianzishwa na Fundi. Mkasa wa tamthilia ulikuwa umefika patamu, umeme ukakatika, naye akapiga goti lake kofi. “Jamani, mpaka lini tutaichungulia Korea kwenye kioo? Twendeni tukaione kwa macho. Na Japani tupitie, ni pua na mdomo.”

Basi ikapangwa mwezi wa nne, miti ikichanua maua, siku kumi na mbili. Mwalimu akatoa daftari, akaweka utaratibu kwamba kila mmoja achague siku yake, na siku ya mtu isiguswe. Fundi akachagua jumba la wafalme wa zamani, avae lile vazi lao pana apigwe picha mpaka kamera iombe maji. Msusi akataka mtaa wa vipodozi. Mwalimu akachukua mahekalu ya Japani na treni yao iendayo kasi.

“Na wewe Povu?”

“Hamamu,” akasema Povu. “Ya Korea.”

Wakacheka. Yeye hakucheka. Katika tamthilia moja alikuwa ameona, ndani ya nyumba kama hiyo ya kuogea ya umma, mama wa makamo amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kuogea, na mwanamke mwingine, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, amevaa glavu ya kijani yenye ukwaru, anamsugua mgongo mpaka nongo zinadondoka kama uchafu wa kifutio. Kisha akamwagiwa maji ya moto, chwaa! Mgonjwa? Wala. Mtu mzima mwenye afya zake, anaogeshwa kwa raha zake. Povu alisahau hata kutafuna karanga alizokuwa nazo mdomoni. Tangu mama yake alipomwachia kopo aoge mwenyewe akiwa na miaka mitano, hakuna mtu aliyewahi kuumwagia mgongo wake maji. Migongo ya watu aliyoisugua ukiipanga ingetoka hospitalini ikafika sokoni na kurudi. Wa kwake nani aliugusa? Aliitaka siku ile kuliko jumba lolote la mfalme, na kwa kuwa si mtu wa kuomba omba, akalisema neno moja tu, hamamu, likaandikwa kwenye daftari kuwa siku ya tano.

Sasa Mwalimu, kwa ualimu wake, akasema hawaendi ugenini kuaibika, lazima wafanye mazoezi. Wakajizoesha kuokota karanga kwa kalamu za risasi, badala ya vijiti vya kulia vya kule. Wakajizoesha kuinamiana mpaka viuno vikalia. Wakajizoesha kuvua viatu mlangoni, na hapo soksi za Msusi zikafanya madirisha yote yafunguliwe.

Ndipo ikaja Jumamosi ya samaki, wa kuliwa mbichi kama wafanyavyo Japani. Msusi aliyejitolea kumnunua alimnunua asubuhi, akamtia kwenye mkoba, akaenda kusuka wateja watatu, akafika naye saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Samaki jicho limezama, mwili unateleza kama kamasi, na maji yake yametengeneza ramani kwenye kitambaa cha meza. Na hao wapumbavu wakamkata vipande! Wakavichovya kwenye chumvi na siki, wakavinyanyua kwa kalamu, wakahesabu moja, mbili, tatu. Msusi alikitema kiganjani akakisukumia chini ya mto wa kochi. Fundi alimeza kwa kiburi. Mwalimu ndiye aliyefanya nilichokwambia mwanzo, zulia zima.

Macho ya wote watatu yakamgeukia mtu mmoja.

“Povu mwenzetu,” Fundi akasema huku ameziba pua, “hebu... wewe si umezoea?”

Umezoea! Povu alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Akalikunja magotini, akaomba ndoo, akapangusa zulia, akatoa na kile kipande chini ya mto. Wenzake walikuwa nje barazani wanapunga hewa na kucheka. Nikifika hapo kwenye hadithi hata mimi naona kinyaa, na si kwa ajili ya samaki.

Jumamosi iliyofuata likaja zoezi la hamamu. Fundi alikuwa na bafu kubwa la vigae, tena Povu alikuwa amewatafutia wote glavu za kijani za kusugulia. Wakajifunga mataulo, migongo wazi, wanakanyagana na kupiga kelele.

“Mficha uchi hazai!” Msusi akapayuka.

Wakavuta vikaratasi kupata wawili wawili. Mwalimu akampata Msusi. Fundi akampata Povu.

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Miaka minne kabla, Fundi alipasuliwa tumbo, akalala wadini siku kumi na moja. Binti yake alikuwa mbali, ndugu zake walifika mlangoni wakaacha matunda. Aliyemgeuza, akamwosha, akambadilishia shuka alfajiri aliposhindwa kujizuia, ni Povu. Alipopona akamkaribisha nyumbani kuangalia tamthilia. Wenzake akawaambia, “Huyu mteja wangu, namshonea sare.” Povu akasikia, akanyamaza. Ya wadini huishia wadini.

Basi Povu akaanza. Akaweka kiganja chote katikati ya mgongo wa Fundi, akasugua kwa duara, bila pupa, na nongo zikaanza kutoka. Fundi akafumba macho. “Aaa! Hapo hapo. Shuka kidogo. Mama wee, nilikuwa nabeba udongo wa shamba zima!” Akamwagiwa maji, akasimama anang'aa kama kikombe kipya.

Kisha Povu akageuka, akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Mwenyewe alikuwa anatabasamu, ila hakuna aliyemwona. Akangoja. Maji ya bomba yakadondoka, to, to, to. Akangoja tena.

“Mh, jamani,” sauti ya Fundi ikasema nyuma yake, “mimi hapa nashindwa.”

“Unashindwa nini?” Mwalimu akauliza.

“Kinyaa. Tuseme ukweli tu, tusioneane haya. Mtu kutwa kucha anashika... mnajua anachoshika. Halafu tuingie naye maji mamoja? Povu mpenzi, usichukie, jisugue tu mwenyewe. Wewe umezoea.”

Msusi akachekea puani. Mwalimu akaanza kuvichunguza vigae, utadhani yeye ndiye aliyevipanga.

Povu akainuka, akageuka. Aliangalia tu taulo la Fundi, pale tumboni, chini kidogo ya kitovu, ambapo kovu linaanza. Fundi akaona anapoangaliwa, akalivuta taulo juu mpaka kifuani, rangi imemtoka.

Neno moja tu lingetosha! Wewe na mimi tungelisema, tena kwa sauti. Povu alivaa nguo zake akatoka. Njiani alitema mate mara tatu, na kila alipotema hakikutoka kile alichotaka kitoke. Fadhila ya punda ni mashuzi, alijua toka utotoni, ila hakujua kwamba harufu yake hukaa puani siku nzima.

Jioni Mwalimu akatuma ratiba mpya kwenye simu zao. Siku ya tano: vipodozi, mara ya pili. Chini kabisa: Povu, mhusika wa usafi na wagonjwa.

Jumapili alasiri mlango wa Povu ukagongwa. Ni Fundi, na mfuko mkononi.

“Nimekuletea sare,” akasema. “Nimekushonea mbili, na mifuko mikubwa kama unavyopenda.”

“Karibu.”

Akaketi kwenye ncha ya kiti. “Yale ya jana tuyaache. Mdomo huteleza.” Akavuta uzi usiokuwepo kwenye sketi yake. “Hujawaambia, eti?”

“Nini?”

“Si unajua.”

Hapo ndipo kinyaa kilipompanda Povu mpaka kooni. Kumbe hakuja kuomba radhi, kaja kukagua kufuli!

“Miaka minne nimekaa na siri yako,” akamwambia, “na ilikaa safi. Jana umeichafua wewe, tena mbele ya watu. Chukua sare zako. Kama una deni na mimi, njoo bafuni.”

Bafu la Povu lilikuwa dogo, ndoo moja na kigoda kimoja. Akaketi, akauacha mgongo wazi, akamnyooshea glavu ya kijani bila kugeuka. Fundi akaivaa. Akachovya. Na mgongo wa Povu, baada ya miaka karibu hamsini, ukaguswa.

Ncha za vidole viwili. Haraka haraka. Pumzi imebanwa, na bila hata kuangalia Povu alijua kwamba uso umegeuziwa dirishani.

Akakaa amekodoa macho kwenye ndoo. Mkono ule aliujua. Aliujua vizuri mno, aliutumia kila asubuhi kwenye kitanda cha saba. Mwili ukamsisimka kwa kuchukia, na safari hii hakuweza kumtupia Fundi peke yake lawama. Ptu! Na mimi je, akajiuliza, na mimi ni nani?

“Basi,” akasema. “Imetosha. Acha.”

Fundi akavua glavu, akajiegemeza ukutani, akaanza kulia. “Si wewe ninayekuonea kinyaa, wallahi si wewe. Nikikuona najiona nilivyokuwa. Nimelala, nimejichafua, hata kujigeuza siwezi. Nakuchukia kwa kuwa uliniona.”

“Sawa,” Povu akasema, anajifunga taulo. “Lakini anayekionja hicho kinyaa ni mimi.”

Fundi akaondoka, sare akaziacha kitini. Haukupita muda ratiba ikaja upya kwenye simu: siku ya tano, hamamu, wote. Povu akaandika kwamba atakwenda, ila mgongo wake atampa mwenye kazi yake hukohuko, anayesugua kwa kiganja kizima. Na usafi wa kundi watafute mtu mwingine.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, gurudumu likalia. Alipofika kitanda cha saba, bibi alikuwa ameshageukia ukutani, amebana meno, anangoja kuokotwa. Povu akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akakikamua. Harufu ilikuwa ileile. Hakugeuza uso. Akakitandaza kitambaa mgongoni, mbali na kidonda, akaweka kiganja chake chote juu yake, akakiacha hapo kwanza mpaka joto likaingia. Kisha akaanza kusugua kwa duara, taratibu.

Bibi akakakamaa. Akaipinda shingo kadiri ilivyokubali, akamtazama Povu kwa jicho moja lenye wasiwasi.

“Mwanangu,” akauliza kwa sauti ndogo, “kwani daktari kasema nakufa leo?”